Mchanga wa Kusugulia Karai

Sufuria zangu hazing'ai, na majirani zangu hapa Beni hawaachi kulisema. Madame Katungu amesoma, wanasema, anafundisha jiografia, diploma yake iko ukutani, lakini ingia jikoni kwake uone masizi. Waseme tu, midomo ni yao. Kwetu mwanamke anapimwa kwa vyombo vyake: akirudi mtoni na karai alilolisugua kwa mchanga na majivu mpaka jua linacheza ndani yake, watu wanajua mama yake alimlea. Mimi nililelewa vizuri, tena vizuri mno, na ni malezi hayo yaliyoniponza. Tangu mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja sijasugua chombo kwa mchanga. Natumia sabuni na kitambaa, na masizi yanayobaki yabaki. Basi juma lililopita nilikuwa na sufuria mkononi, nyeusi kama kawaida yake, Masika aliponipigia simu kutoka Butembo. Masika nilimjua akiwa mtoto wa miaka sita, tukilala kitanda kimoja. Sasa ni mama mzima mwenye watoto wake. Hakuzunguka. "Madame Katungu, papa ametuacha." Nilikaa chini pale pale jikoni, na kitu cha kwanza kilichonijia si uso wa baba yake, Profesa Kasereka, wala sauti yake. Ni mchanga. Niliusikia chini ya vidole kama mwaka ule.

Kutoka Beni kwenda Butembo si mbali, lakini sisi barabara hiyo hatuihesabu kwa kilometa. Kabla ya kuuliza bei ya kiti unauliza, "Barabara iko aje leo?", na dereva akijibu unamtazama machoni, kwa maana mdomo unajua kudanganya. Kesho yake nilipanda kwenda matanga na rozari ndani ya mfuko, mimi ambaye wanafunzi wananiita chuma. Tulipofika kwenye daraja dogo, pale njia ya miguu inapochepuka kuelekea porini, niligeuza uso. Miaka yote hii nikipita hapo nageuza uso. Ukiifuata njia hiyo mwendo wa saa moja unakuta mwamba uliojitokeza kando ya kijito, mwamba wenye mistari iliyokunjwa-kunjwa. Hauna dhahabu, hauna koltani, hauna kitu. Prof alikuwa anaupenda kuliko nyumba yake.

Mwaka ule chuo kilikuwa kimefungwa, mara mgomo, mara vita, mara vyote viwili, na Prof alihitaji mikono. Akanichukua nikae kwao Butembo, nimsaidie kuvunja mawe. Nyumba ilikuwa ya mbao, sakafu ya simenti iliyopakwa rangi nyekundu, na mawe kila mahali. Chini ya kitanda changu na Masika, mawe. Kwenye korido, mawe. Ukitaka kuvuta kiti ule, unasogeza jiwe kwanza. Kila jiwe lilikuwa na nambari iliyoandikwa kwa verni nyekundu ya kucha, kwa sababu rangi nyingine zilikuwa zinatoka zikipata maji, na verni hiyo ilikuwa ya mke wake, Mama Masika. "Mawe yake inapakaa verni kunipita miye," aliniambia siku ya kwanza, na akacheka, lakini nusu tu. Alikuwa mwanamke wa kutoka kijiji cha Masereka, mikono yake ya kulima viazi, na katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyejua kila kitu kiko wapi. Ukipoteza kalamu, unamuuliza Mama Masika. Ukipoteza Prof, unamuuliza Mama Masika.

Prof alifundisha akiwa anakula. Darasani alikuwa mkavu, lakini mbele ya obundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake alikuwa mtu mwingine. Alichukua bonge la obundu, akalibana pande mbili mpaka likajikunja katikati na kuinuka. "Angalia, Katungu. Mulima njo inaanza hivi. Dunia inabana, jiwe inakosa pa kwenda, inajikunja." Milima aliyokuwa anaitafuta si hii tunayoiona. Ruwenzori kwake ilikuwa mtoto wa juzi. Alitafuta milima ya kale kabisa, iliyoinuka na kuliwa na mvua kabla hakujakuwa hata mnyama wa kuipanda, na ambayo imebaki mizizi tu chini ya mashamba yetu ya viazi na maharagwe. Ilianza lini kuinuka? Hilo ndilo swali alilolala nalo. Alinieleza kwamba jiwe likibanwa na kupata moto mkali, ndani yake kunazaliwa chembe ndogo kuliko chumvi, zinaitwa zirkoni, na kila chembe inazaliwa na uranium kidogo ambayo inageuka madini ya risasi pole pole, kwa mwendo ambao hakuna vita wala mvua inayoubadilisha. Ukipima kilichogeuka na kilichobaki, unajua chembe ilizaliwa lini. Ukipata zile zilizozaliwa siku ya kubanwa, umepata mwanzo wa mlima.

Na kama bado huelewi, alikupeleka kwenye majina yetu. "Mutu akikuambia anaitwa Kambale, utamuuliza kama kuko mukubwa wake? Hapana! Kambale ni wa pili. Mbele yake kuko Mumbere, hata kama Mumbere alikufa, hata kama hakuna picha yake." Mshipa wa granite unaokata mikunjo ya mwamba, huyo ni Kambale, mikunjo yenyewe ndiyo mkubwa. Mimi naitwa Katungu, jina la binti wa pili. Dada yangu wa kwanza alikufa kabla sijazaliwa, na kila mtu akiniita anamtaja bila kujua. Niliacha kutafuna. Ni siku ile, mbele ya sombe inayopoa, nilipoamua kwamba mawe nitayasoma maisha yangu yote.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Jiwe la nambari kumi na nne lilitoka kwenye ule mwamba wa kijito. Tulilibeba wenyewe, wakati njia ilikuwa bado inapitika. Lilikuwa kubwa, nikalipasua vipande viwili: kimoja nikakitwanga ndani ya kinu cha chuma, kingine chenye nambari nikakiacha nje karibu na mlango wa jikoni. Unga wa jiwe tuliuosha ndani ya karai, ukizungusha maji pole pole kama wachimba dhahabu, vyepesi vitoke, vizito vibaki chini, na zirkoni ni nzito. Prof alikuwa na amri moja tu: vyombo viwe safi, kwa maana chembe moja ya kigeni ni shahidi wa uongo. Safi! Mimi nisikie neno safi nifanye nini? Kabla ya kutwanga nilichukua kinu na karai, nikashuka kwenye kijito kingine, cha nyuma ya nyumba, nikasugua kwa mchanga saa nzima, nikiimba. Nikasuuza mara tatu. Prof alipoliona karai aliliinua juu, akamwita mke wake, "Mama Masika, kuya uone chombo!" Nilifurahi mpaka aibu. Mchanga wa kijito umetoka kwenye kila kilima cha juu yake, una zirkoni za kila umri, na unajificha kwenye mikwaruzo na kwenye ukingo uliokunjwa wa karai. Leo mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne anaweza kukwambia hilo. Mimi sikuwaza.

Chembe zilikwenda ndani ya bahasha ndogo na dereva mmoja wa lori, Mwislamu wa Beni, mtu wa kuaminika. Aliivukisha mpakani Kasindi, akaiweka kwenye ndege kule Uganda, ikafika kwa rafiki wa Prof kule Ulaya aliyekubali kupima. Tukangoja. Katika miezi ile ya kungoja, barabara iliharibika. Si kwa mvua. Watu wa vijiji karibu na lile daraja walianza kuja Butembo na magodoro kichwani. Mama Masika alileta habari kutoka sokoni pamoja na nyanya: fulani alikwenda shamba hakurudi, wa fulani walikutwa watatu. Alizisema akiwa anachambua mboga ya lengalenga, bila kuinua macho, halafu anaongeza, "Na muhogo imepanda bei." Usiku nilikuwa nasikia Masika anapumua, na mimi nahesabu pumzi.

Barua ilifika siku ya Jumapili na dereva yule yule. Prof aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akasimama tena. Chembe nyingi zilikuwa na umri ambao wataalamu wengine walikuwa wanajua tayari. Lakini chache, safi, za mviringo, zilikuwa za zamani zaidi, zamani sana. Kwa Prof hizo zilikuwa mwanzo wenyewe. Milima yetu ilianza kuinuka mapema kuliko alivyowahi kuandika mtu yeyote! Mama Masika alichinja kuku. Tukiwa mezani Prof akatusomea kipande cha mwisho cha barua, akicheka: rafiki yake anauliza kama vyombo vilioshwa vizuri, kwa sababu zile chembe za mviringo zinafanana na zilizoviringishwa na maji. "Ati vyombo! Donc, anazani huku tunaoshea mu matope? Nitamuandikia: karai yangu iko safi kupita altare ya kanisa. Si vile, Katungu?" Nilikuwa na paja la kuku mdomoni. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nyama ile sikuimeza, nilitoka nje nikaitema.

Sitaki kujipamba. Siku kumi na moja nilinyamaza. Na sikunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa tu, ingawa hilo nililiogopa pia. Nilikuwa namjua Prof. Nikisema, atataka jiwe lingine, na ile nusu niliyoiacha mlangoni sikuwa nimeiona tena, na jiwe lingine liko kule porini kupita daraja, kule wanakotoka watu na magodoro. Nisiposema, uongo utatoka na jina lake juu yake. Nilichota maji, nikatwanga sombe, nikamsuka Masika, na mambo haya mawili yalikuwa yananizunguka kichwani kama inzi wawili ndani ya chupa. Kila asubuhi Prof alikuwa ameandika kurasa nyingine. Siku moja alinionyesha ya kwanza, akanisomea jina langu, ameliandika chini ya lake: Katungu, aliyetayarisha chembe. Hapo nikashindwa.

Ilikuwa mchana, mvua inagonga mabati. Nikasema, "Prof, kinu na karai nilisugua na muchanga." Alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Muchanga ya wapi?" "Ya kijito. Nyuma ya nyumba." "Ah, Katungu," akasema. Basi. Afadhali angenipiga. Alikaa anatazama kurasa zake, halafu akainuka kwa nguvu: "Mais kuko ile nusu ingine! Iko wapi?" Tukatafuta mpaka magaribi. Tulitoa mawe chini ya vitanda, tukapekua kuni, tukaingia mpaka banda la kuku. Jiwe kumi na nne hakuna. Prof akamuuliza Mama Masika, naye alikuwa jikoni anajipangusa mikono kwenye kitenge. "Mimi sijue mambo ya mawe yenu," akajibu. Hilo tu.

Kwenye chakula cha jioni hakuna aliyekula. Prof alisema atarudi kwenye mwamba kesho, na pikipiki, haraka, kwenda na kurudi. Mama Masika alikuwa amemweka Masika kwenye magoti. "Uandikie rafiki yako kama haujue. Neno moja: sijue. Ni nzito?" "Nimeisha mwambia najua. Batasema batu ya Butembo hata karai hawajue kuosha." "Baseme! Kule banachinja batu, Papa Masika. Ile milima imekufa tangu zamani. Sisi bado." Akanigeukia mimi, na macho yake sitayasahau. "Na wewe, mutoto yangu. Mudomo iliponza kichwa, banasema. Leo mudomo yako inaponza kichwa ya bwana yangu. Ungenyamaza ungekufa?" Halafu akamtazama mume wake muda mrefu, kama anamngoja. Prof alikuwa anafunga nyundo kwenye gunia.

Aliondoka alfajiri. Alisema atarudi kabla ya chakula cha magaribi. Magaribi ikapita. Mama Masika alifagia ua uliokwisha fagiliwa, mimi nikaosha vyombo vilivyo safi, kwa maji matupu. Kila pikipiki iliyopanda kilima chetu nilikuwa naifuata kwa masikio mpaka ipite. Siku ya pili, saa nne hivi, aliniita. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya pipa la kulowekea muhogo, mkono umezama mpaka begani. "Katungu, kuya uone." Unajua muhogo ukiloweka unaelea, lazima uukandamize na kitu kizito. Akatoa jiwe. Lilikuwa linanuka muhogo uliochachuka, na upande mmoja, verni nyekundu: 14. "Ee Nyamuhanga, Mungu wangu," nikasema. Alilishika kifuani kama mtoto mchanga, maji yanachuruzika kwenye nguo, analia. Jiwe lilikuwa ndani ya nyumba, na mwenye kulitafuta yuko porini. Nilidhani analia kwa uchungu wa bahati mbaya ile.

Prof alirudi siku ya tatu, mchana, kwa miguu, bila viatu, yeye na mwenye pikipiki wameegemeana. Watu wenye silaha waliwakamata kwenye mwamba wenyewe. Pikipiki ilichukuliwa, nyundo ilichukuliwa, na jiwe alilolivunja walilichukua pia, wakidhani lina mali. Walimbebesha mizigo siku mbili, na mambo mengine hakuyasema kamwe. Aliingia, akakaa, akaomba maji. Mama Masika akaweka jiwe mezani mbele yake. Prof aliisoma nambari. Akalinusa. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na Masika naye akalia kwa kumwona baba yake analia. Tangu siku ile mkono wake wa kulia haukuacha kutetemeka, na kwenye miamba hakurudi tena. Alifundisha ubaoni tu, na sisi tulimwandikia.

Kipande cha jiwe la muhogo nilikitwanga mimi, ndani ya kinu kilichooshwa kwa sabuni na maji ya moto, baada ya kupasua na kutupa ganda lote la nje. Jibu lilikuja: zile chembe za mviringo hazikuwamo hata moja. Milima yetu ilianza kuinuka wakati ule ule waliousema wengine. Prof aliandika hivyo, ukurasa mmoja, na jina langu aliliacha pale pale. Miaka yote nimewafundisha wanafunzi kwamba kusema ukweli ni kazi ya kwanza ya mtu wa mawe, na kila nikilisema nauona mkono ule unatetemeka. Niliamini ni mimi niliyemtuma porini, mimi peke yangu.

Basi siku ile, kwenye matanga, nilipita katikati ya wanawake waliokaa kwenye mikeka, nikaliona jeneza sebuleni, na Masika akaninong'oneza kwamba mama yake yuko jikoni, hataki mtu ila mimi. Amezeeka, Mama Masika. Mgongo umepinda, lakini mikono ni ile ile. Alikuwa ameketi kando ya pipa la muhogo, mkono ndani ya maji. Kipande kilichobaki bado kinafanya kazi yake. Verni imekwisha kutoka. "Katungu, kaa. Ile jiwe, njo mimi nilificha."

"Mama, si muliipata kwa bahati? Siku mulikuwa munatoa muhogo?"

"Bahati gani? Nililitia mwenyewe mu pipa kwa kukandamiza muhogo, mbele ya barua kufika. Ile magaribi munatafuta, mikono yangu ilikuwa bado inanuka muhogo. Nilikuwa nangojea neno moja tu. Aseme, Mama Masika, naacha, juu yako na mutoto. Angesema vile, ningelitoa pale pale, ningelipangusa na kitenge yangu nimuwekee mu sahani. Hakusema." Aligeuza jiwe ndani ya maji. "Asubui nikajiambia, baaskari batamurudisha ku bariere ya kwanza ya barabara. Hawakumurudisha."

"Hakujua kamwe?"

"Mukono yake ilikuwa inamwanga supu. Mimi njo nilikuwa namulisha, miaka yote, kijiko kwa kijiko. Ningemuambia saa ngapi?" Kisha akaniinulia macho, na sasa hayakuwa na ukali. "Wewe ulikuwaka na roho ya kusema. Unipatie shauri. Banafunga jeneza saa nane. Nimuambie?"

Nilitazama saa. Ilikuwa saa saba na nusu. Nilichukua kitenge changu, nikampangusa mkono maji ya muhogo, kidole kwa kidole, nikamwinua. Halafu nilitangulia sebuleni, nikawaomba wamama waliokaa karibu na jeneza watoke nje kidogo, yeye akabaki na bwana yake, na mimi nikasimama mlangoni asiingie mtu.